Kambale wa Relini na Watoro wa Jumatano

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mnada umejaa. Ng'ombe mpaka uwanja wa mpira. Upepo unamwaga vumbi kwenye nyama na watu wanakula tu, ndicho kiungo cha Dodoma hicho. Mbavu zimekwisha kabla ya saa saba. Mkoa huu hakuna anayechoma mbuzi kumzidi Sila. Hata waheshimiwa kule bungeni wanajua, ila hawasemi.

Nilikuwa kwenye hadithi ya kambale. Ile ya mwaka wa mafuriko, kambale alipotoka kwenye majaruba ya mpunga ya Bahi akalala juu ya reli. Treni ya abiria ikasimama. Dereva akadhani ni behewa limeanguka. Nimefika pale ninapovua shati nikamkabili — nasikia kimya. Nageuka. Mwalimu Lameck wa nidhamu, na fimbo yake. Wanafunzi wakatawanyika kama kanga. Wote wamepona isipokuwa mmoja: Anyesi, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Penina, anayekaa kwangu. Yeye alikuwa mbele kabisa, karibu na moto.

Mwalimu akasema, Mzee Sila, kesho uje shuleni. Nikasema nitakuja, kwanza onja ini. Akaonja. Akamwongoza mtoto kuelekea shule. Walipofika kwenye zizi akageuka: "Hiyo treni lakini, iliondoka?"

Nikamwambia hadithi haina haraka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimevaa koti. Mkuu wa shule ni mwanamke, Mwalimu Cecilia, mdogo wa umbo, sauti hapandishi. Kanipa shikamoo — nikajua nusu nimeshashinda.

Nusu ya pili ilikuwa ngumu. Kumbe kila Jumatano Kidato cha Pili kinabaki madawati. Wamechapa, wapi. Wamesimamisha wengine, ndiyo kwanza wakafurahi, aliyesimamishwa anakwenda mnadani bila kujificha. Sasa bodi ya shule inakaa mwisho wa mwezi. Hali ikiwa ile ile, watoro sugu wanakwenda nyumbani mpaka mwakani. Mtihani wa Novemba watausikia kwa wenzao. Na jina la kwanza ni Anyesi.

Lakini kabla ya bodi anataka kujaribu kitu. Kikao. Walimu, wanafunzi, wazazi, na sisi watu wa mnada. Akasema, siyo mje kusikiliza, mje kusema. Nikamwambia kwa kusema umefika penyewe, mimi nimewahi kupatanisha vijiji viwili na mto uliokuwa katikati yao.

Jioni Penina kapiga simu kutoka mjini. Habari zimeshamfika. "Kaka, akisimamishwa namchukua. Aje huku alee mtoto wa bosi wangu. Kwako atajifunza nini, kuongea?" Nikamwambia aniachie mimi. Akacheka. Cheko baya.

Anyesi alikuwa anaosha vyombo, anajifanya hasikii. Sufuria moja kaisugua mpaka nikaogopa itatoboka.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo ni siku yangu. Niandike vizuri.

Kikao kimefanyika darasani kwao. Mwalimu Cecilia kakataa watu wakae makundi. Kila dawati mchanganyiko: mwalimu, mwanafunzi, mzazi, mtu wa mnada. Mimi nilibanwa na Masudi, yule Mrangi wa Kolo anayeuza mitumba jirani na jiko langu, na mtoto mmoja wa kike asiyepumua kwa woga.

Nilianza mimi. Nilisema sana. Nikataja simu, mitumba ya Masudi, miziki, utandawazi. Masudi akaniuliza utandawazi ni nini. Nikamwambia ungekuwa shule ungejua.

Akasimama Mama Edina muuza nyanya, ana watoto wawili hapo. Yeye hazunguki. Kasema tusiwasingizie watoto, Jumatano sisi wenyewe ndio tunawatuma wakashike mbuzi. Watu wakatazama viatu vyao. Mzee Hasani muuza mbuzi alitazama vya kwake muda mrefu, na alikuja na ndala.

Halafu akasimama kiranja mkuu, kijana mpole. Akasema samahani walimu, na nyinyi mnakwenda. Kipindi cha saa nne cha Jumatano huwa hakina mwalimu, mwalimu yuko kwenye mishikaki. Mwalimu Lameck akachunguza dari. Nikadhani yule kijana kwisha habari yake. Mwalimu Cecilia akasema tu, "Asante. Andikeni na hilo."

Basi nikaona watu wamekwama, nikasimama tena. Nikawaambia wanafunzi, wanangu, semeni wazi mbele ya wazee, ni kitu gani hasa kinawavuta kule? Msiogope, akitajwa mtu yeyote nitashughulika naye mimi mwenyewe.

Anyesi akasimama.

"Ni wewe, mjomba."

Akasema kila Jumatano unaanza ya kambale, humalizi. Unasema njooni Jumatano ijayo. Tunakuja. Tangu mwezi wa tano treni imesimama.

Masudi alicheka mpaka akaanguka na dawati. Wakacheka wote, na yule mtoto asiyepumua akapumua.

Mwingine angeaibika. Mimi nilitulia nikafikiri. Walimu wenye digrii wapo pale na ubao, chaki, kengele, na fimbo. Na wote, kwa kuvuta watoto, wameshindwa na mtu mmoja aliyeishia darasa la tano — na niliishia pale kwa sababu la sita halikuwa na jipya la kunifundisha. Nikawaambia hivyo hivyo. Nikapigiwa makofi. Mwalimu Cecilia akangoja yaishe, akauliza, sasa Mzee Sila, utatusaidiaje?

Tumekubaliana hivi. Jumatano saa za masomo, mnadani haonekani mwanafunzi wala mwalimu. Mfanyabiashara akimwona hamuuzii, hamtukani, hampigi. Mzazi mmoja na mwanafunzi mmoja watapita kwa zamu, wamsindikize aliyepotea mpaka darasani, kwa adabu. Kama ni mkubwa, adabu mara mbili. Mbuzi kila mtu atashika wake. Fimbo ya Mwalimu Lameck itakaa ofisini mpaka bodi ikae. Ikiwa watoto hawatakuja darasani, anaichukua. Na hadithi ya kambale imehamishwa. Itasimuliwa shuleni, Ijumaa, kipindi cha mwisho, kwa waliokuwepo Jumatano.

Nimechaguliwa mwenyekiti upande wa mnada. Hakuna aliyepinga. Masudi alitaka ila bado alikuwa anacheka.

Nikiwa njiani na Anyesi nilimuuliza, huoni vibaya kunitaja mbele za watu? Akasema, "Ulisema tuseme wazi, mjomba." Kweli nilisema. Mtoto ana kichwa. Amekitoa upande wetu.

Jumatano, 13 Agosti

Wamekuja wawili, sweta wamezigeuza ndani nje kama vile sina macho. Nikawaambia hapa leo hakuna nyama yenu na hakuna neno langu. Wakasimama wananitazama. Na mimi nimejaa maneno mpaka hapa shingoni. Mama Edina na kiranja mkuu wakafika, shikamoo zikapita, wakaondoka nao pole pole kama watu wanaotoka kanisani.

Wateja nao wanadai kambale. Nikasema kahama.

Masudi: "Mzee Sila, au umemmeza?"

Kukaa kimya ni kazi kuliko kupambana na simba. Nasema kwa sababu nimefanya vyote viwili.

Ijumaa, 15 Agosti

Shule nzima! Wamejaa mpaka madirishani. Nimewapa mafuriko, nimewapa reli kupotea chini ya maji, nimewapa masharubu ya kambale yamening'inia pande zote mbili kama nyaya za simu. Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza kashindwa kufunga mdomo, inzi kaingia, katoka, hana habari.

Waliotoroka Jumatano walibaki nje na majembe ya bustani. Walilima wamesimama, masikio kwetu. Bustani haikulimika.

Kabla sijaanza, Mwalimu Cecilia aliwauliza wao kwa wao, Jumatano ilikwendaje, nani alipata shida kubaki? Wakasema. Mmoja akasema kwao Jumatano hakubaki mtu wa kumwangalia bibi yake mgonjwa. Nilikuwa sijui. Mama Edina, aliyekuja kusikiliza, kasema atapita yeye akitoka shambani asubuhi. Imekwisha hapo hapo, hata dakika haikutimia. Mimi nilikuwa tayari kutoa hotuba, ikakosa nafasi.

Jumapili, 17 Agosti

Penina kapiga. Akataka kuongea na Anyesi, siyo mimi. Wameongea kirefu nyuma ya nyumba. Nikasikia Anyesi anasema wiki hii hajakosa hata siku. Halafu akasema, "Haya mama, nimpe mjomba simu?" — na simu ikakatwa huko. Bando, nadhani.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna sare hata moja! Nimezunguka mnada mzima mwenyewe, mikono nyuma, kama mkuu wa wilaya. Mzee Hasani kashika beberu wake mwenyewe. Beberu kamburuta mpaka kwenye mitumba ya Masudi, katoka amevaa gauni la kitenge mabegani. Beberu, siyo mzee.

Nyama imeisha mapema kuliko kawaida. Masudi anasema ni kwa sababu watu sasa wanakula bila kukatizwa. Wivu.

Ijumaa, 22 Agosti

Sehemu ya pili. Nimevua shati la hadithini, nimemshika kambale masharubu, kanivuta mpaka kwenye injini. Nikakata hapo hapo. Shule nzima ikaguna. Mwalimu Lameck alikuwa mlangoni na madaftari mkononi, anajifanya anasahihisha — kalamu ilikuwa na kifuniko. Fimbo hana. Mkono ule haujui pa kukaa, anauweka mfukoni, anautoa.

Nimetangaza: mwisho ni Ijumaa ijayo. Bodi inakaa siku hiyo hiyo, na wajumbe watabaki wasikilize. Mwalimu Cecilia kaniambia pembeni kwamba hali inapendeza, ila bodi ina wazee wagumu, wanasubiri kuona kosa moja tu waseme mambo ya kubembelezana hayafai. Jumatano moja imebaki. Ikipita safi, jina la Anyesi linatoka.

Nikamwambia imekwisha hiyo, mama. Lala usingizi.

Mwalimu Lameck akanikimbilia getini. Ijumaa ijayo yuko semina Dodoma mjini. Ataukosa mwisho. Nikampa pole. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Jumanne, 26 Agosti

Tatizo dogo. Mwisho wenyewe sina.

Nimeuzunguka siku tatu. Nikimuua kambale, watoto watalia. Akikimbia, mimi nakuwa nani? Nimemweleza Anyesi wakati anasonga ugali. Akaniuliza, "Mjomba, kwani ulikuwepo kweli?" Nikasema nilikuwa karibu. Akasonga kidogo. Akasema, "Si treni ilikuwa na abiria? Wao wote wamekaa tu wanakutazama? Washuke. Na wavuvi waje, na dereva. Wamsukume pamoja arudi majini."

Nikamuuliza, na mimi?

"Wewe uko mbele."

Mlenda wake ulikuwa mzuri leo. Nitaufikiria huo mwisho.

Kesho ni zamu yake kupita mnadani, yeye na Mama Edina. Kajipigia pasi sare mara mbili. Yeye, jina la kwanza kwenye watoro!

Jumatano, 27 Agosti

Naandika hapa hapa kwenye gogo la kukatia nyama.

Saa nne. Mnada safi, hakuna mwanafunzi. Nilikuwa nimeshaanza kujipongeza. Nainua macho — Mwalimu Lameck. Kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Akaketi benchi la nyuma ya moshi.

"Mara moja tu, mzee. Ijumaa sipo, unajua mwenyewe. Huo mwisho, na kipande cha ini."

Nilitaka kumkatalia. Wallahi nilitaka. Lakini ini lilikuwa limeiva, mkono ukampa kabla kichwa hakijakubali. Nikafungua mdomo nianze —

"Shikamoo mwalimu."

Anyesi. Mama Edina nyuma yake na kikapu cha nyanya. Mwalimu akasema marahaba kwa sauti ya mtoto.

Anyesi akasema, Kidato cha Pili wako darasani wote, wanakusubiri. Tumekuja kukusindikiza.

Watu wameacha kutafuna. Masudi amefunga mdomo, mara ya kwanza tangu ahame Kolo. Mjumbe mmoja wa bodi yuko pale kwenye mbuzi, namwona, ameshika mbuzi kamba lakini shingo iko huku.

Mwalimu akanigeukia. "Mzee Sila, mwambie mpwa wako basi. Wewe si mwenyekiti?"

Mimi ni mwenyekiti. Hadithi iko ulimini, tamu, yenye mwisho mpya. Nimechukua daftari nikajifanya napiga hesabu za mbavu. Ndiyo hizi ninazoandika. Nikisema neno moja atabaki. Kwa hiyo sisemi.

Anyesi hakunitazama mimi. Mikono ameificha nyuma ya sketi. Amesema tena, taratibu kama Mwalimu Cecilia: "Tunaweza kwenda pamoja, mwalimu. Ini utakula njiani."

Mama Edina ameshamfungia ini kwenye gazeti. Mwalimu ameinama chini ya benchi. Kofia imedondoka, anaitafuta — au anajificha, bado sijajua. Anyesi amesogea pembeni kidogo, amemwachia njia ya kwenda shule.