Leo Kuwa na Mawese

Papa,

Jumamosi tulikuzika bila wewe. Papa mudogo, ndugu yako, ndiye aliyelazimisha, akisema ukoo hauwezi kukaa na kilio kisicho na mwisho, nami sikubishana naye kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mama ndiye aliyekataa. Tangu ile mashua ya watu waliokimbia vita izame mbele ya Makobola, wavuvi wakawaokota wengine na wewe wasikuone, Mama alikuwa akikubakishia bugali kila jioni. Anaufunika kwa sahani, anauweka karibu na mlango, na asubuhi anawamwagia kuku. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

"Muntu hawezi kuzikwa sanduku bure, bila kitu ndani," Papa mudogo akatuambia. "Mutafute kitu mikono yake ilifanya."

Nikajua palepale ni kitu gani. Ile mashua yetu ndogo ya kuchezea, uliyoniundia nilipofaulu darasa la sita.

Uliichonga kwa mbao za kasha la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na mpaka Jumamosi ilikuwa ikinuka ndagala. Mota uliitoa kwenye radio-kaseti iliyokufa. Antena ya radio hiyohiyo ukaikata, ikawa mrija, na ndani yake ukapitisha rayo, ule waya mgumu wa gurudumu la baiskeli, iwe akse ya kuzungusha elisi, yale mapanga madogo ya nyuma uliyoyakata kwenye mukebe wa maziwa. Mota na akse ukaviunganisha kwa kipande cha mpira wa serumu wa hospitali. Siku nzima unatengeneza mota za mashua kubwa kule Kalundu, halafu unarudi nyumbani kugombana na hii ya urefu wa mkono! Na haki ya Mungu, ilikushinda.

Kwanza ilitetemeka mpaka majiwe ya tochi yaliyoipa umeme yakachomoka. Uliviringisha ile rayo juu ya kioo, ukainama kuangalia mwanga unapenya wapi, ukainyoosha kwa nyundo ndogo, taratibu, ulimi nje. Kisha ukaona mota imekaa juu kuliko mrija. "Mota na akse vitazamane," ukaniambia, "vikipeana mgongo, mpira unakatika." Ukachonga kibao, ukaishusha. Grisi ilikuwa imekwisha, na wewe subira hukuzaliwa nayo, basi ukaingia jikoni kwa Mama ukajaza mrija mawese ili maji yasiingie.

Saa sita mchana, kwenye beseni lililokaa juani, ilikwenda vizuri kabisa. Uliita majirani. Kesho yake asubuhi tukaipeleka ziwani, na mota ikanguruma huku elisi haisogei, mpira ukajisokota, ukakatika. Ukaifumua yote upya. Mchana ikaenda. Asubuhi ikagoma. Ukasema mrija umepinda. Ukasema rayo ni mbovu. Ukaanza hata kumsema fundi wa baiskeli aliyekupa.

Mama alikuja kuchota maji, akasimama na ndoo yake, akatutazama.

"Papa Neema, mawese yangu iko inaganda kila asubuhi mu chupa. Juu ya nini isigande mu hako kaantene?"

"Weye unajua mota tangu lini?"

"Mota sijui. Mawese najua."

Ulikaa na rayo mkononi, ukaipangusa kwa kidole, ukaona lile tope la rangi ya chungwa. Ndipo ukacheka mpaka ukaketi kwenye mchanga. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikapata neno lake. Asiyetaka kutoka kitandani ana mawese. Wewe mwenyewe, mvua ikinyesha na kazi ikikungoja Kalundu, ulijifunika shuka na kusema, "Leo niko na mawese."

Kwa hiyo nakumbuka vizuri asubuhi uliyoondoka. Bunduki zilikuwa zimesikika upande wa Luberizi, na mashua ile ilijaa watu lakini mota yake ilizimika kila mara, wakaja kukuita uende nayo mpaka Baraka. Mama alikushika mkono wa shati.

"Papa Neema, leo kuwa na mawese."

Ukacheka. "Leo niko na grisi. Miye narudi kesho, munibakishie bugali."

Nina hasira nawe, Papa. Nasema wazi maana hunijibu. Najua walikuwa na watoto wachanga mle ndani. Najua usingeweza kuwaacha, na bado nina hasira.

Jumamosi asubuhi niliishusha mashua yetu kutoka darini. Akse ilikuwa imeshika kutu ndani ya mrija. Niliichomoa kwa koleo, nikaisugua, nikaiviringisha juu ya kioo kama ulivyonifunza. Sikutaka uzikwe na kazi mbovu. Nilikuwa nachota grisi kwenye kopo lako Mama aliposimama nyuma yangu. Kwa siku nyingi alikuwa hazungumzi na yeyote juu ya maziko.

"Acha hiyo grisi," akasema.

Aliingia jikoni, akarudi na chupa ya mawese. Yalikuwa yameganda. Akayapasha karibu na makaa, akayamimina mwenyewe ndani ya mrija, mengine yakamwagikia kitenge chake. Nikairudisha rayo. Tukaweka mashua kivulini, tukangoja mawese yagande. Kisha akanyoosha kidole akaisukuma elisi. Ikagoma.

"Udongo iko baridi," akasema. "Mawese haitayeyuka. Safari hii Papa Neema haendi popote."

Akaiweka yeye mwenyewe ndani ya sanduku, juu ya shati lako.

Jioni ile alipika, tukala, akaosha vyombo. Hakufunika sahani. Jumapili asubuhi kuku walikuja mlangoni, wakasimama pale wakimtazama.

Wengine wote walipotupa udongo walikuambia uende salama. Mimi sikusema hivyo. Baki, Papa.

Binti yako wa kwanza,
Neema