Sahani ya Kumi na Saba

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa mwanangu mkubwa.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo? Mapacha hawajambo? Natumaini mgongo wa mumeo umepata nafuu, na lile tanuri jipya la duka lako la mikate limeacha kukusumbua. Mimi nipo, ila mwili umeanza kuniaga kipande kipande. Daktari ameacha kunikataza vyakula, na mtu mzima anajua maana yake. Univumilie mwandiko.

Nina jambo nililokuficha miaka thelathini na moja. Ile hamira yako ya maabara ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu.

Najua ungependa usikumbuke. Ulipokuja kwenye maabara yangu ulikuwa na miaka ishirini na miwili, na marehemu mama yako alinishika mkono akasema, "Kaka, nakukabidhi huyu." Wakati huo nilikuwa nimeitafuta kwa miaka sita ile jeni ya hamira inayoingiza protini ndani ya peroksisomu, vile vifuko vidogo ambamo seli huvunjavunja mafuta. Jeni hiyo ikiharibika, protini hubaki nje kama wageni waliofungiwa mlango, na hamira haiwezi tena kula mafuta. Sukari inakula kama kawaida.

Wewe uliiona katika mwezi wako wa tatu. Kidoa kimoja tu cha hamira, kati ya vingi vilivyoota kwenye sahani ya kumi na saba: kwenye chakula cha sukari kipo, kwenye chakula cha mafuta hakipo. Ulikuja mbio hata ukasahau kuniita Profesa. "Mjomba, njoo uone! Hii imegomea mafuta kuliko shangazi aliyekatazwa na daktari!"

Nilicheka. Kisha nikasema nitarudia jaribio mwenyewe.

Yule fundi wetu tuliyemwita Bwana Pasi, kwa jinsi alivyovinyoosha vitambaa vya mahameli, alinitandikia kimoja juu ya kibao. Nikaikandamiza sahani yako hapo ili kitambaa kibebe chembe za kila kidoa, halafu nikakandamiza sahani mpya juu yake. Kila sahani ina mstari wa kalamu ukingoni, ili zote zielekee upande mmoja na kila kidoa kijulikane kilikotoka. Mimi niliyewagombeza wanafunzi wangapi kwa ajili ya mstari huo, niliigeuza sahani robo duara. Nikachukua kidoa cha jirani. Kikayala mafuta, kikanenepa.

Kwenye kikao, mbele ya watu kumi na wawili, nilisema umeandika ulichotamani kukiona. Bwana Pasi alijaribu kukutetea. "Profesa, mkono wa huyu binti umetulia kuliko yetu sote. Mpe sahani arudie mwenyewe."

Nikamjibu, "Wewe piga pasi."

Watu wakacheka. Wewe ulisema tu, "Sawa, Profesa," ukavua koti jeupe, ukalikunja, ukaliweka juu ya kiti. Miezi miwili baadaye ulikuwa umeshasafiri. Sikusikia tena neno mjomba kinywani mwako kwa miaka minne.

Jeni ile nikaitangaza kwa jina langu. Picha yangu ilipotoka gazetini, mama yako aliikata akaibandika sebuleni kwake. Kila nilipokwenda kumsalimia nilichagua kiti kinachoipa mgongo.

Mwaka aliofariki alinisimulia kwamba hadi leo unapima unga mara tatu, eti huuamini mkono wako. Alisimulia kama kichekesho. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili asinisikie.

Nimewaandikia mkuu wa idara na wahariri wa lile jarida kwamba aliyeipata jeni ile ni wewe. Mkwe wangu atazipeleka barua hizo posta kesho asubuhi, pamoja na hii. Sikuombi msamaha, maana nikikuomba utajiona una deni la kunijibu. Ninachotaka ni upime unga mara moja, uendelee na kazi.

Bwana Pasi bado yu hai. Ameota mvi na anakuulizia kila tunapokutana. Nisalimie mumeo, nisalimie mapacha, na yule mama mkwe wako asiyeishiwa utani. Mungu akulinde, akupe uzee wenye usingizi mtulivu kuliko wangu.

Sasa nimalizie, kabla nguvu hazijaniishia. Ukisoma neno kosa utadhani niliteleza tu, nami kwa miaka mingi nimejitetea hivyo hivyo moyoni. Siku tisa kabla ya kikao niliuona ule mstari wa kalamu umeelekea dirishani badala ya ukutani, nikajua nilikuwa nimeigeuza sahani. Nikarudia jaribio peke yangu, nikasubiri siku tano. Kidoa chako hakikuota kwenye mafuta. Nikakihifadhi kwenye friza, na juu ya kichupa chake nikaandika namba yangu badala ya yako.

Nilipoingia kwenye kikao kile, mwanangu, nilikuwa najua.

Wako akupendaye, na aliyekupenda hata siku ile,

Mjomba