Krosi za Lori la Baba

Jumatatu, 10 Machi
Ko! Mlio mmoja mkavu, kila kaka yangu Masanja anapoachia klachi. Nimelala nao, nimeamka nao. Asubuhi, kabla hajaenda kupakia mawe ya dhahabu, niliingia chini ya lori nikaitikisa propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini nyuma. Inacheza. Krosi ya nyuma imekwisha, kile chuma cha msalaba kinachoiunganisha na difu ya magurudumu ya nyuma. Kutu nyekundu inamwagika kama unga. Nikamwambia Baba. Akasema gari ni mambo ya kaka yako.

Jumanne, 11 Machi
Fundi ameitoa. Nimeipima kwa kalipa yangu ya chuo: upana wa vikombe vya kwenye ncha zake, urefu wa msalaba. Nimeviandika vipimo kwenye karatasi, na pia iwe na tundu la grisi. Isiyo na tundu ni imara zaidi, najua. Lakini kwa tope la Nyarugusu, uchafu ukishaingia hautoki bila grisi mpya kuusukuma. Masanja, anayekwenda kununua, aliitia karatasi mfukoni bila kuisoma.

Alhamisi, 13 Machi
Kanunua nyembamba. Vikombe vinapwaya kwenye jicho la propela, pale vinapokaa. Fundi akakata kopo la soda, akavizungushia vipande vya bati, akagonga nyundo, akapiga weldi juu. Ndivyo wanavyofanya hapa, kila gereji. Nikasema itachomoka.

"Mhandisi kasema!" fundi akacheka. "Dada, chuoni mlishika nyundo au kalamu?"

"Mwache," Masanja akasema. "Akiolewa atapima sufuria."

Baba alicheka. Hicho ndicho kilichoniuma. Ni yeye aliyeuza ng'ombe nisome uhandisi.

Jumamosi, 15 Machi
Imechomoka. Kilimani, lori limejaa, wachimbaji wanne wamekaa juu ya mawe. Propela ilianguka, ikachimba barabara, ikapasua tangi la dizeli. Lori likarudi nyuma mpaka kwenye kichuguu. Hakuna aliyekufa. Masanja amevunjika bega la kulia. Namchukia. Jioni nimemlisha ugali tonge kwa tonge.

Baba anasema kuna jirani katuroga kwa wivu. Ameshaagiza mganga. Kopo la soda halijatajwa na mtu.

Jumatatu, 17 Machi
Baba kanituma Kahama nikanunue krosi na jicho jipya. Hakuomba radhi. "Si una vipimo vyako wewe."

Duka la spea la Mama Rukia, Nyasubi. Nilimwamkia, nikaomba kupima kabla ya kununua. Nilikataa krosi tatu. Kwenye boksi zinafanana na ya nne, mkononi hazifanani. Alikuwa ananitazama tu.

"Mwanangu, kazi hii kakufundisha nani?"

"Nimesoma, mama."

"Basi simama hapa kaunta. Mimi wananirudishia mizigo kila siku, eti haiingii. Na wewe unajua isiyoingia kabla haijatoka dukani."

Nililipia ya nne na jicho. Nililala kwake.

Jumatano, 19 Machi
Mvua tangu alfajiri. Jana nilituma mzigo kwa basi la Geita, pamoja na karatasi ya maelekezo, herufi kubwa. Leo Baba kapiga simu. Mzigo umefika. Akauliza narudi lini.

Nikamwambia nimeshapanga chumba hapa Nyasubi, na tangu jana nauza kwa Mama Rukia.

Akauliza:

"Sasa fundi atasimamiwa na nani?"

Nikasema karatasi inatosha. Nikamtakia siku njema, nikarudi kaunta. Kulikuwa na mteja anasubiri.