Pipa la Ofisi ya Tumbaku

Jumatano, Oktoba 1994

Tumepiga chokaa mara mbili na bado ile ofisi ya zamani ya tumbaku inanuka dawa. Jumatatu tunaanza kupokea watoto wa kushinda hapo baada ya shule, mpaka mama zao watoke shamba.

Leo mpishi wetu, Mama Nyamizi, kanionyesha pipa kwa furaha. "Mwalimu, nimelisugua kwa majivu mpaka mikono imechubuka. Maji ya kunywa ya watoto tayari."

Nikazunguka nyuma ya pipa. Alama ya fuvu bado inaonekana. Lilikuwa pipa la sumu ya wadudu.

Sikumgombeza. Mimi ndiye niliyewaambia, "Nyie msitupe kitu, vyote vitatufaa." Nikamwaga maji, nikaliviringisha mwenyewe mpaka jalalani.

Jioni nimelikuta mlangoni kwa jirani yangu, limejaa, kikombe kinaelea juu. "Watu wanatupa vitu vizima!" ananiambia, huku anamnywesha mjukuu wake.

Nimempokonya kikombe. Mtoto alikuwa ameshakunywa tangu mchana. Wamempeleka hospitali, na mpaka sasa hawajarudi.

Ningelitoboa tu lile pipa kabla ya kulitupa. Nyundo na msumari vilikuwa pale pale ofisini, dirishani.