Masanja Atadai Kuku Wake

Jumanne, 2 Julai

Napukuchua mahindi tangu asubuhi. Vijana wanayatia kwenye gunia wanayapiga kwa fimbo, punje zinavunjika. Mimi kwa mkono. Kilangali nzima hakuna mahindi mazima kama yangu. Hata wale wa shamba la mbegu waliwahi kusimama kuyatazama.

Mchana mwenyekiti wa kitongoji kaja na pikipiki. Wito. Tarehe 18 niende Kilosa mjini nikahojiwe habari za ombi langu la uraia. Niende na shahidi anayenijua siku nyingi.

Mwenyekiti alitaka kunisomea. Nikamwambia toa mkono. Nilisoma kisomo cha ngumbaru mimi, nikawa wa kwanza. Neno "tajnisi", huo uraia wa kuomba, lilinikwama kidogo. Nikalipita.

Alhamisi, 4 Julai

Zuhura kapiga simu kutoka Mikumi. Binti yangu huyu kelele zake kama za mama yake. Anasema baba unajisumbua, shamba liandikwe jina langu, yaishe. Yeye ni mzaliwa, kitambulisho anacho. Wapimaji wa ardhi wakirudi watampa hati ya kimila bila maswali. Mimi hawanipi. Nilivuka Ruvuma na mjomba wangu sijaota ndevu, nikaja kukata mkonge Kimamba. Sheria haimpi mgeni ardhi ya kijiji.

Mgeni! Mkonge wa Kimamba umenichoma mpaka mfupani. Kovu la kiganja ninalo. Kipande changu cha kazi nilikimaliza jua halijawa kali, wenzangu bado wanahangaika na mistari yao.

Zuhura simkatai. Lakini mama yake amelala kule juu, penye mkwaju, ndani ya shamba tulilolifyeka sisi wawili. Likiandikwa jina la mtoto, siku nikifa nitalazwa pembeni ya mke wangu kama mtu aliyeazimwa kitanda.

Sitaki. Nataka nilale kwangu.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Nimekwenda Mikumi kwa Zuhura. Anauza ubwabwa na maharage kwa madereva wa malori pale barabarani. Ananiuliza maswali huku anageuza samaki kwenye mafuta. Bendera ina rangi gani. Nikajibu. Ngao ya taifa ina nini. Nikajibu yote, mwanamume, mwanamke, mlima, mwenge, pembe za ndovu. Nikaongeza kwamba ndovu mwenyewe namjua kuliko hao wanaohoji, maana alikuja na mkewe wakala mahindi yangu mstari mzima.

Madereva wakacheka. Mmoja akasema haya mzee, wimbo wa taifa. Alidhani ataniweza. Nikasimama. Nikaimba beti zote mbili, kofia mkononi. Wakasimama na wao, sahani mkononi. Hata aliyekuwa na mwiba wa samaki mdomoni alisimama.

Zuhura kageuka upande kufuta macho. Kasema moshi.

Wakati wa kuondoka akanishika mkono wa shati. "Baba, shahidi ni nani?" Nikamwambia Masanja, mtani wetu, nani mwingine. Akaweka mwiko chini. "Baba wee. Mwambie kule si msibani. Asifanye utani. Watu wa ofisi wanaandika kila kitu."

Nimekataa. Mtani haombwi adabu. Ukimwomba umeshamkimbia.

Jumatano, 10 Julai

Ng'ombe wa Masanja wameingia kwenye kunde zangu. Nimemfuata. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa maziwa, hata hakutikisika. Kasema, "Shemeji, wamekuja kumsalimia mgeni. Ng'ombe wangu wana heshima."

Nikamwambia, "Mla michembe ya viazi wewe, hata ng'ombe wako wanakimbia chakula cha kwenu."

Tukacheka. Kunde zimekwisha. Kanijazia kibuyu cha maziwa.

Huyu ni Msukuma. Alikuja kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wake, Zuhura akiwa bado anabebwa. Marehemu mke wangu, Mwanahawa, alikuwa Msagara. Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu safari za babu zao, na Wasukuma wanajihesabu humo humo. Siku ya kwanza tu Mwanahawa alimpokea kwa matusi. Mimi Mmakua sina mtani huku. Nilimpata kupitia mke, kama shamba.

Siku tulipomzika Mwanahawa, Masanja aliruka ndani ya kaburi. Akalala chali. Akasema hatoki, huyu mama alimtukana miaka yote, leo analipwa nini? Apewe kuku. Waombolezaji wakashikwa na kicheko katikati ya kilio. Mimi nilikuwa sijalia tangu alfajiri, nimekauka kama gogo. Pale nikacheka, kicheko kikageuka. Nililia mbele ya watu wote. Nikampa jogoo wangu mwekundu.

Akatoka kaburini na jogoo kwapani. Akaninong'oneza, "Na lako nitalala. Tayarisha mwingine."

Sitamwambia kitu habari za utani wa ofisini.

Jumamosi, 13 Julai

Mwenyekiti kasema ukikubaliwa uraia unaapa. Unaukana wa kwanza.

Sikujua hilo. Au nilijua nikalipita kama lile neno.

Mama yangu alibaki ng'ambo. Vita vya kule vilipokwisha nilituma salamu kwa watu. Zikarudi kwamba hayupo. Kaburi hakuna aliyeliona. Kimakua nimebakiwa nacho kidogo, cha kuhesabu, cha kuita kuku, na wimbo mmoja aliouimba akitwanga. Leo nimeuimba nikipukuchua. Katikati umenipotea.

Sijala vizuri.

Jumatano, 17 Julai

Nimepiga pasi ya mkaa. Shati jeupe, koti la harusi ya Zuhura. Bado linanienea. Wenzangu wa umri huu wamekwisha, koti linabaki limetundikwa kwenye mifupa. Mimi bado.

Nimekwenda kaburini kwa Mwanahawa kung'oa magugu. Nimemwambia kesho. Hakusema kitu. Alipokuwa hai angesema maneno mia.

Masanja kapita na ng'ombe kwa mbali. Kapunga fimbo. Hakuja.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 18 Julai

Nimerudi. Kichwa kinauma. Naandika kabla sijasahau.

Tulipanda Noah mimi na Masanja. Kavaa kofia yake ya pama na viatu vipya vinavyolia. Njia nzima anamsimulia kondakta kwamba ananisindikiza nikarudishwe kwetu. Kondakta akanionea huruma. Nikatunza maneno yangu ya ofisini.

Ofisini walikuwa watatu. Katikati binti, mdogo kuliko Zuhura, miwani, sauti ya pole. Kanipa shikamoo nzuri. Nikamwitikia marahaba. Kaniuliza nilizaliwa wapi, nilipita njia gani, nilifanya kazi gani. Nikajibu. Bendera, ngao, mikoa, nikajibu kama mvua. Mmoja wa pembeni akasema mzee umesoma. Nikamwambia ndiyo.

Akauliza kwa nini sasa. Nikamweleza habari za shamba na mkwaju, na nani amelala pale. Akaacha kuandika kidogo. Halafu akauliza kama niko tayari kuukana uraia wa kwanza.

Viatu vya Masanja vikalia chini ya kiti.

Nikasema, "Uraia nauacha, mwanangu. Mama yangu simwachi."

Akavua miwani. "Mzee, mama hayumo kwenye karatasi hii. Hakuna anayekudai mama."

Nikasema basi niko tayari.

Ikawa zamu ya shahidi. Binti akamuuliza, "Mzee Masanja, unamfahamu huyu?"

Masanja akanitazama juu mpaka chini kama mtu anayenunua mbuzi. "Huyu? Simjui. Huyu mla panya alikuja huku kuiba mke. Mrudisheni kwao leo leo. Shamba lake nitalisha ng'ombe."

Kalamu ya yule binti ikasimama. Halafu ikaanza kuandika. Naapa niliisikia. Yule aliyesema nimesoma akainamisha uso. Nikajua imekwisha. Miaka yote, mkwaju, kila kitu, kwa mdomo wa mla michembe mmoja.

Neno moja tu lilitakiwa. Niseme, anatania. Lilikuwa hapa mdomoni. Nikamtazama Masanja. Alikuwa ananisubiri. Macho yake yalikuwa yale yale ya kutoka kaburini.

Nikashindwa kumwacha peke yake.

Nikasema, "Mama, msimsikilize. Alipofika huku hakujua kuvaa viatu, nilimfundisha mimi. Sikieni hivyo alivyovaa, vinalia kuomba kurudi dukani. Na mke sikuiba. Mke alinichagua mimi, yeye akachagua ng'ombe, na ng'ombe nao wanamkimbia wanakuja kwangu."

Yule wa pembeni akaangua kicheko. Akajaribu kukirudisha, kikatokea puani. Binti akatutazama mmoja mmoja. "Mzee Masanja. Hapa unatania au unatoa ushahidi?"

Masanja akavua kofia. Sijawahi kumwona akivua kofia mbele ya mtu. "Vyote, mwanangu. Mimi mke wake alikuwa mtani wangu. Alipokufa nililala kaburini mwake nikadai kuku. Mtu asiye wa huku angenivuta miguu, angeniita mwendawazimu. Huyu alicheka, akalia, akanipa jogoo. Mimi nimehamia huku nimekuta kwake kuna moto. Alinipa kaa la kwanza. Sasa nikuulize na wewe, nani mgeni hapa?"

Akarudisha kofia kichwani.

Binti aliandika muda mrefu. Halafu akasema asanteni wazee, uamuzi si wangu, maoni yangu nayapeleka juu, mtaarifiwa. Alisimama tulipotoka. Wote watatu walisimama.

Nje Masanja kasema ana njaa, na kwamba mla panya ndiye anayelipa.

Ijumaa, 19 Julai

Zuhura kapiga simu. Nikamsimulia. "Alisema mla panya? Mbele ya Uhamiaji?" Nikasema ndiyo. "Na wewe ukajibu?" Nikasema ningenyamaza vipi?

Akakata simu. Baadaye akapiga tena. Alikuwa anacheka, au analia. Kwa simu huwezi kujua.

Mimi silali vizuri. Najiuliza yule binti aliandika nini.

Jumamosi, 14 Septemba

Hakuna jibu. Nimefyeka upande wa mtoni. Peke yangu. Vijana wawili wasingeweza.

Mgongo.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua za kwanza. Nimepanda. Mtu hapandi kwenye ardhi ya kuazima kwa moyo wote, nimeligundua hilo leo. Mkono unakuwa mzito. Nimepanda hivyo hivyo.

Masanja ni mgonjwa wa kifua. Nimempelekea uji na limao. Kasema uji wangu unaua haraka kuliko kikohozi. Kaumaliza. Nimekaa naye mpaka alipopata usingizi.

Nilimwambia asitangulie. Nani atanidai kuku?

Jumatano, 12 Februari

Nimekubaliwa.

Leo nimeapa. Mkono juu, maneno nikayafuata. Sauti haikutetemeka. Ilitetemeka kidogo pale pa kukana. Nikamkumbuka yule binti, mama hayumo kwenye karatasi. Nikamaliza.

Yeye mwenyewe alikuwepo. Kanipa cheti kwa mikono miwili. "Hongera, mzee. Mtani wako mzima?" Nikamwambia mzima, mbaya zaidi kuliko mlivyomwona.

Zuhura alipiga vigelegele mpaka walinzi wakageuka. Wapimaji wakija nitaandikwa mimi. Jina langu, nikilitia saini mwenyewe, si kidole gumba.

Jumapili, 16 Februari

Masanja kaja asubuhi. Kifua kimepoa ila anatembea polepole. Kaniambia, "Karibu, mgeni."

Nikamwambia asante, nimefika.

Akataka kuona mahali. Tukapanda kule juu penye mkwaju, tukipumzika njiani, kila mmoja akisema anamsubiri mwenzake. Mahindi yametupita kichwa. Kaburi la Mwanahawa ni safi. Nikamwonyesha upande wangu, kulia kwake, kama tulivyokuwa tukilala.

Masanja akasema lazima apime, asije akapewa kuku mdogo kwa shimo kubwa. Akalala chali kwenye majani, kofia usoni. Akasema pananifaa, pana ubaridi. Akasema jogoo awe mwekundu kama yule. Halafu nikasikia anakoroma.

Nikakaa katikati yao. Wimbo wa mama ukanijia, mpaka pale panapopotea. Nikauimba taratibu mpaka hapo, nikarudia tena mwanzo.

Jua lilipomfikia miguuni nikahamia upande ule nimtilie kivuli. Sikumwamsha.