Ugali Kwenye Pua ya Ndege

Mama mpendwa,

Shikamoo. Usicheke, huku Kilifi wamenizoeza. Asiyeamkia wakubwa huonekana hakulelewa. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika huko Kitui, au bado mnatazama mawingu? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho inachemka. Ningekupigia simu, lakini ungeniambia, "Mwikali, nyamaza, mwanangu," na leo sitaki kunyamaza.

Muhula huu nawafundisha darasa la tano jinsi ndege inavyoruka. Watoto hawa huziona zikiteremka kuelekea Malindi, lakini hakuna aliyewahi kuigusa hata moja. Niliwapa vipande vya karatasi, wakapuliza kwa juu, na karatasi zikainuka badala ya kushuka. "Mwalimu, yapanda!" Darasa zima likawa kelele tupu. Kisha tukaunda ndege za maboksi. Zote zilikuwa zikiinua pua na kuangukia mkia, mpaka Kadzo, msichana ambaye sijawahi kumsikia akijibu swali, alipobandika tonge la ugali wa jana kwenye pua ya ndege yake. Ikavuka uwanja mzima! Mama, yule mtoto alicheka hadi akaketi chini.

Ijumaa tukapata wageni. Mwalimu mkuu akaichagua ndege ya Kadzo ili waonyeshwe, nami nikafurahi, mjinga mimi. Kumbe ameubandua ugali na kuipaka rangi za bendera bila kuniuliza.

"Ndege gani hii yenye ugali puani? Mwataka wageni watucheke?"

Nikamweleza kwamba uzito ule ndio unaoisawazisha. Akanijibu, "Mwalimu, usafi kwanza."

Usafi! Kadzo akairusha mbele ya wageni. Ikainua pua, ikaanguka miguuni pake. Wageni wakacheka, na mwalimu mkuu akacheka nao, akasema watoto wa huku watajulia wapi mambo ya ndege. Alisema hivyo na mtoto anasikia! Nami, mwalimu wake, nikanyamaza.

Jumatatu nilimwita Kadzo, nikamwambia tuunde nyingine. Nikamkatia tonge kutoka kwenye chakula changu cha mchana. Alilitazama, akatazama dirisha la ofisi, kisha akalitia mdomoni, akatafuna.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Nimeshiba."

Sijawahi kuichukia ahsante kiasi hicho.

Nisalimie baba, na shangazi wa mbaazi pale sokoni, na kaka Musyoka. Mwambie asithubutu kumuuza mbuzi wangu.

Ndege ya Kadzo iko juu ya meza ya mwalimu mkuu, imepakwa rangi, inapendeza. Kesho naingia kuichukua. Nitaipeleka uwanjani wakati wa gwaride, shule nzima ikitazama, na tonge langu mkononi. Kadzo asipotaka kuirusha, nitairusha mwenyewe mpaka atake.

Ukisikia nimehamishwa, usiulize nimekosa nini. Kosa ni ugali.

Mimi binti yako, ambaye safari hii hanyamazi,

Mwikali