Huyo wa Simu Hakuwa Wewe

Duka la Mbaruk,
S.L.P. 87,
Voi.
Tarehe 14 Agosti 1997

Mpendwa mwanangu Zephaniah,

Basi huyo hakuwa wewe. Nimelia mpaka macho yamekuwa pilipili, lakini sasa najua, hakuwa wewe.

Ngoja, Saadiya anasema barua haianzi hivyo, ati kwanza salamu. Haya. Hujambo mwanangu? Watoto hawajambo? Kile kikohozi cha mkeo kiliisha? Sisi tuko. Magoti yananiuma, mvua ilitunyima, na tembo waliingia kwa Katunge wakamaliza mahindi yote, hata banda la kuku wakalikalia. Saadiya, mke wa Mbaruk mwenye duka, ndiye ananiandikia, tuko hapa uani kwake. Nimemwambia aandike vile nasema, asinipambe.

Ni habari ya simu. Mwezi wa tano, Jumanne, nilikuwa napeta mahindi, Mbaruk akaniita dukani mbio. Aliyepiga aliomba aitwe yule mama mwenye mtoto ng'ambo. Jina langu hakulitaja. Hapo tu ningeshtuka. Lakini nani hufikiria akiambiwa mtoto amepiga simu? Nilikimbia na ungo mkononi.

Nikasema halo. Akasema, "Shikamoo mama! Sauti ya mtoto wako umeshaisahau?"

Sasa wewe unajua kwetu. Mtoto wa nyumba humuulizi wewe ni nani. Ni kama kumwambia alishakufa moyoni mwako. Marehemu mama yako, dada yangu, alikuwa akisikia mtu anakohoa njiani, anajua ni nani na ametoka kwa nani. Mimi nikaona haya. Nikasema, "Ni Zephaniah?" Akacheka. "Ndiye mimi, mama!"

Mimi ndiye nilimpa jina lako. Kwa mdomo wangu huu.

Na vile unanijua, sikunyamaza. Nikamuuliza kama Botswana bado ni baridi, akasema baridi mama, inakata. Nikamwambia sauti yako imekuwa nzito, akasema ni mafua. Nikamsalimu kwa Kidawida chetu, akanijibu kwa Kiswahili, nikasema moyoni, aa, nchi za watu zimemla lugha. Nikamwambia shamba la mama yake kule Ronge tumepanda mbaazi, na hati iko kwangu sandukuni, kwa jina langu, namtunzia mpaka arudi. Kila kitu alichonidanganya nacho, nilimpa mimi kwanza.

Akasema hiyo hati ndiyo sababu amepiga. Ati hati za zamani zinabadilishwa, kuna rafiki yake Lewis atapita aichukue. Na nisimwambie mtu, watu wana kijicho.

Huyo Lewis alikuja siku ya tatu. Mtu msafi, viatu vinang'aa. Alikula ugali wangu na mchicha, akaomba tena. Mbaruk akamtazama, akanivuta kando. "Bibi, si ungojee kwanza barua ya Zephaniah?" Nikamruka. "Wewe Mbaruk, tangu lini sauti ya mwanangu ikahitaji stempu?" Watu dukani walicheka, na mimi nikajiona nimeshinda. Nikatoa hati. Nikaweka kidole kwenye karatasi zake, mbili ama tatu, sijui. Mimi wino kwangu ni wino tu.

Wiki iliyopita nikapanda Ronge kuchuma mbaazi. Nikakuta seng'enge, kutoka mtoni mpaka kwenye ule mparachichi. Kuna mlinzi. Akaniambia, "Nyanya, hapa pameuzwa."

Kaburi la mama yako liko ndani, Zephaniah, na hapo ndipo nilijua huyo wa simu hakuwa wewe, maana wewe usingeliuza. Nilimwomba nipite nikang'oe majani tu, akakataa. Nikasimama nje ya waya, nikamwambia dada yangu nisamehe, nimebisha hodi kama mgeni. Mbaazi zilikuwa zimekauka, zinapasuka zenyewe, nazisikia.

Na sasa maneno yamejaa mlimani. Wengine wanasema niliuza nikala. Wengine wanasema ni wewe uliuza, ati umeshajenga huko, huna haja na sisi tena. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Jumapili kanisani mwenzangu wa miaka yote alihama benchi. Maneno hayo yatakufikia, maana uvumi haulipi nauli. Ukiyasikia, uliza mimi kwanza. Mimi sikuuliza, umeona.

Chifu anasema tunaweza kusimamisha hiyo kazi ukiandika kwa mkono wako mwenyewe, uweke sahihi, kwamba hukumtuma mtu. Iandike leo. Mwezi wa kumi wanachimba msingi, na kamba walizofunga zinapita juu ya kichwa cha mama yako.

Tena kuna lingine, na hili linanikata. Siku ukinipigia simu, nitakuuliza yule mbuzi aliyekula kitabu chako cha shule, mama yako alimwita jina gani. Silitaji hapa, bahasha zina wafunguaji. Hata Saadiya sijamwambia, anacheka hapa. Usipolijua nitakata, hata ukilia. Usinikasirikie mwanangu. Miaka yangu yote sijamfungia mtoto mlango. Lakini huyo mtu hakuniibia shamba peke yake. Sasa nikisikia mtu ananiita mama, naogopa.

Msalimie mkeo, uwabusu watoto wasionijua. Dada yako Dinah anakusalimu, ndiye ananipikia siku hizi, sina mkono wa kupika. Mbaruk anakusalimu, hajanicheka hata siku moja na ana haki ya kunicheka. Mungu aliyemlaza mama yako akulinde wewe uliye macho.

Ni mimi mama yako mkubwa, ninayekupenda hata nilipokosea sauti yako,

Mghoi

Saadiya, usifunge kwanza. Mbaruk ananiita. Anasema ni simu, ya mbali, inakwaruza. Mtu anasema ni Zephaniah, anataka kujua kama mama yake mkubwa hajambo. Ee Mungu, nataka sana iwe ni wewe. Nishike mkono niinuke. Naenda kumuuliza mbuzi.